Uliza Anko: Ninunue IST au niendelee kugombania daladala?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na harufu ya foleni. Sijui ni mvua au ni ada za shule, ila kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho ni magari, simu, simu, magari, hata yule dada wa Mbagala ambae kila mwezi huwa ananiuliza habari za mawifi safari hii kaandika kuhusu bodaboda. Haya bas tuanze, na kabla sijasahau, mi mwenyewe nilikua na gari, Corolla namba B, yaani ya usajili wa kitambo, nyeupe, imepauka juu kama kipara changu, nikaliuza, kwa iyo mkiona naegemea upande mmoja mjue sababu.

Anko shikamoo. Mi ni binti wa miaka 31 nakaa Goba nafanya kazi Posta. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, boda mpaka kituoni, daladala mpaka Simu 2000, hapo nagombania nyingine ya mjini, nikifika ofisini kiatu kimekanyagwa na wigi limegeuka. Nimejichanga nimefikisha milioni 15. Kuna mtu anauza IST, kile kigari kidogo cha Toyota, namba D, ya mkononi, anataka milioni 13. Mama anasema ninunue kiwanja Kiluvya. Nishauri kama mwanao maana ofisini kwetu tusiokua na gari ni wawili tu na mwenzangu ni mlinzi. Kwenda tu ni kilomita 22, nauli kwa siku ni 3,800 pamoja na boda. (Binti wa Goba)

*Marahaba mwanangu.* Hapo kwa mlinzi nimecheka, ila muulize yeye anakaa wapi, usije ukakuta anatembea dakika kumi anafika kazini ameshakunywa na chai, afu we unamuonea huruma.

Tupige hesabu. Kilomita 44 kwenda na kurudi. IST ni gari ya mafuta kidogo sikatai, ila kwenye foleni ya kusogea na kusimama, AC imewashwa, weka lita nne kwa siku. Bei ya mafuta inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wanapotangaza, sasa ili tusiumize kichwa tuseme lita ni elfu tatu. Hapo ni 12,000 kwa siku, siku 22 za kazi inakuja 264,000. Nauli zako za sasa kwa siku hizo hizo ni 83,600. Yaani kila mwezi unaongeza laki na themanini na hujagusa bima, hujalipa pakingi ya mjini (na ile kontrol namba, namba ya kulipia serikalini, haisahau, ukikaa kimya inakusubiri), hujabadilisha oili, hujasikia fundi akikwambia kwa upole dada hapa bushi zimekwisha, na tukishafungua huku heri tubadilishe na shokapu kabisa. Na namba D ya mkononi bushi zitakua zimekwisha, hilo weka akilini kabisa.

Sasa kinachoniuma zaidi ni muda. Wengi wanadhani wakinunua gari watatoka nyumbani saa moja. Hamna. Foleni ya Goba kuja mjini ni ile ile ya daladala, hujabadilisha foleni umebadilisha siti tu. Utatoka saa kumi na moja na nusu ile ile, tofauti ni kwamba kwenye daladala ulikua unasinzia, saivi huwezi kusinzia maana kuna mtu anatanua kushoto na boda anapita kwenye kioo. Mi nilipokua na Corolla yangu nilikua nafika ofisini nimeshagombana na watu sita ambao sijawahi kuwaona.

Afu hebu jaribu siku moja simama Magomeni asubuhi uangalie barabara ya Morogoro kwa macho yako. Lile basi refu la mwendokasi, haya mabasi yenye njia yao peke yao, lina mita 18 na linabeba watu kama 140. Hao watu 140 ukimpa kila mmoja IST yake, gari inakaribia mita nne, weka na nafasi ya mbele na nyuma, umejaza karibu kilomita nzima. Kilomita nzima ya vyuma kwa watu wa basi moja! Ndo maana tangu mwendokasi uanze Mei 2016 mi naamini kitu kikubwa kilichofanyika pale sio basi, ni ile njia yake peke yake, kwamba mtu wa nauli anampita mtu wa Prado. Mpaka tukapewa tuzo ya dunia ya usafiri mwaka 2018, mji wa kwanza Afrika kuipata. Njia ipo, mabasi yakiwa ya kutosha na Jangwani ikiacha kujaa maji tutaongea lugha nyingine.

Mama yako mheshimu ila ana nusu ya haki. Kiwanja ni mali, ila kwa nini kila mtu anaambiwa Kiluvya, Mapinga, Chanika? Kwa sababu kule bei ni ndogo. Na kwa nini bei ni ndogo? Hiyo tofauti ya bei utakuja kuilipa kila alfajiri kwa miaka ishirini, masaa mawili kwenda masaa mawili kurudi. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu milioni tano na laki tatu na ushee Dar hii, na karibu kila mmoja ndoto yake ni nyumba ya chini yenye uzio na mwembe, sasa mji utaacha kufika Bagamoyo kwa nini? Tunafuata kiwanja cha bei rahisi, barabara inatufuata nyuma, ikitufikia viwanja vinapanda bei tunaruka tena mbele. Mi sijamlaumu mtu hapo, hata mimi nina vijimita vyangu Kibaha na ukiniuliza nitakwambia ni uwekezaji.

Kwa hiyo kama ni mwanangu wa kumzaa ningekwambia hivi. Ile laki na themanini uliyokua unaenda kuchoma iongeze kwenye kodi, hamia Sinza au Magomeni au hata Kinondoni, vyumba viwili, uwe unawahi Posta hata ukichelewa kuamka. Kiatu kizuri kiache kwenye droo ofisini, njiani vaa raba. Milioni 15 iache ikae kwanza. Ukishindwa kabisa, roho inataka gari, nunua, wala si dhambi, mgonjwa usiku na mvua ya masika na mama akitaka kwenda kliniki gari ni neema, ila liache nyumbani Jumatatu mpaka Ijumaa. Na IST ya mtu peleka fundi WAKO akaikague, sio fundi wa muuzaji.

Oya Anko mambo vipi. Swali langu dogo tu. Hizi aplikesheni za kuita usafiri, unaweka lokesheni, ramani inaonesha ulipo mpaka chumba unacholala, dereva anaonekana anakuja kama sisimizi, sasa kwa nini LAZIMA apige simu kuuliza "uko wapi boss?" Si nimeweka? Teknolojia ya nini sasa? (Mdau, Tabata)

*Poa kijana.* Hili swali nilishamuuliza dereva mmoja, kaniambia, "Mzee ramani inanionesha nyumba, mi nataka geti." Nikanyamaza, nikaona kasema kweli.

Unajua sisi mji wetu tumeuweka kichwani kwa watu na vitu, sio kwa namba. Ubungo Maziwa, Tabata Bima, Magomeni Mapipa, Mwembechai, Sinza Kijiweni, Tegeta kwa Ndevu, Kimara Stop Over. Mgeni ukimwambia shuka Mwembechai ataanza kutafuta mwembe na mtu anaeuza chai. Vituo vimebaki na majina ya vitu ambavyo vingine wajukuu zetu hawajawahi kuviona, na konda akiita jina watu wote wanajua. Ile operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 tuliwekewa vibao, nyumba zikapewa namba, mtaa ukapewa jina na postikodi, kwangu pale kuna kibao kizuri tu cha bluu, ila hebu niambie ukweli, namba ya nyumba yako unaijua? Usiende kuchungulia. Mi sikua naijua mpaka jana nilipotoka nje kuisoma kwa ajili ya barua yako.

Jana hiyo hiyo nikaita bajaji kwa simu. Pini imekaa kwenye paa la jirani yangu. Dereva kapiga, uko wapi mzee, nikamwambia kuna duka la Mangi rangi ya kijani, hapo kuna fremu ya saluni, usiingie hiyo, nyoosha, utaona mama anakaanga mihogo, mwambie unaenda kwa mzee wa gazeti. Kafika. Kaja na mhogo mkononi.

Kwa iyo setelaiti imefanya kazi ya kumleta mpaka kata, mama wa mihogo akamalizia. Na nadhani mama wa mihogo anastahili kamisheni.

Habari za siku nyingi Anko. Nakusoma nikiwa Houston Texas, nina mwaka wa nne huku. Nataka niwaambie wenzangu wa Dar wasione kwenye picha barabara pana wakadhani ni peponi. Huku bila gari we si mtu. Wiki ya kwanza nilienda dukani kwa miguu kama kilomita moja na nusu tu, gari tatu zikasimama kuniuliza kama nina tatizo, ya tatu ilikua ya polisi. Njia ya miguu inaenda vizuri afu ghafla inaisha kwenye majani kama vile mjenzi kaitwa kula. Nina gari saivi, nina deni la gari, nina bima ya gari, na naenda jim kutembea kwenye mashine. Swali: ni kweli Dar tunaenda kuwa hivi? (Mswahili wa Houston)

*Karibu sana ndugu yangu,* na hiyo ya kuendesha gari kwenda kutembea kwenye mashine nimewasomea hapa ofisini watu wamekaa chini.

Wasomaji ambao hawajui, huko kwa huyu ndugu ndo kuna ile barabara kuu ya Katy Freeway. Walikua na foleni, wakasema dawa ni kupanua, wakamaliza mwaka 2008, dola bilioni 2.8, ukihesabu na barabara za pembeni kuna mahali inafika njia 26. Ishirini na sita jamani, ukivuka na mtoto anafika upande wa pili ameshaota ndevu. Haikupita miaka mingi foleni imerudi, na wakati wa kukimbilia kazini na kutoka safari ikaanza kurefuka tena. Sio kwamba mainjinia walikosea hesabu ya lami. Ni kama pilau la shughuli, nyie mnapika la watu mia mbili mnaona halitoshi, mnaongeza sufuria, mtaa wa pili wakisikia safari hii limepikwa jingi nao wanakuja, na wale waliokua wamepanga kula kwao wanaghairi. Barabara ikiwa nyeupe, aliekua anatoka saa kumi na moja anasema sasa nitatoka saa mbili, aliekua anapanda basi anachukua gari, na aliekua hataki kuhamia mbali ananunua kiwanja mbali. Baada ya muda mmerudi mlipokua ila saivi mko wengi zaidi na mko mbali zaidi.

Sisi je? Barabara ya Morogoro kutoka Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19, imepanuliwa njia nane, na watu walibomolewa nyumba mwaka 2017 ipitishwe. Fulai ova ya TAZARA ikafunguliwa 2018, ya Ubungo 2021. Mi sio mpinga maendeleo, Ubungo pale palikua jehanamu, nimeshawahi kukaa kwenye yale mataa mpaka nikamaliza gazeti na matangazo ya vifo. Ila angalia zile njia nane zinaposhukia Kimara, mbele yake zinapungua, watu wote wanajibana, kwa iyo foleni haikufa ilihamishwa kituo. Na Nairobi nao wana yao ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, tangu 2022, ikifika mjini mwenye hela anapita juu anamuona mwenye matatu kule chini.

Kuna watu wamejaribu kinyume. Seoul kule Korea walikua na barabara ya juu imepita juu ya mto katikati ya mji, mwaka 2003 wakaanza kuivunja, 2005 mto ukafunguliwa, watu wanakaa wanatumbukiza miguu kwenye maji. Kila mtu alisema mji utasimama, haukusimama. Nikiwaza mto Msimbazi wetu najisikia vibaya kidogo.

Ila jibu lako mi silioni kwenye fulai ova, naliona kwenye zebra. Nikwambie kitu nilichokiona baada ya kuuza gari, maana nikiwa nyuma ya usukani miaka tisa sikukiona. Kuna mama mmoja kila asubuhi anavuka barabara karibu na kwangu, ana ndoo ya maandazi kichwani na mtoto mkononi. Zebra ipo, imechorwa mistari mizuri. Anasimama pembeni. Zinapita gari kumi, kumi na tano. Kuna moja ikisimama, ananyoosha mkono wa kushukuru, anamvuta mtoto, ANAKIMBIA. Ndoo kichwani, anakimbia, na akishafika upande wa pili anageuka anainua tena mkono, asante. Anashukuru kwa sababu gani? Kwamba hajagongwa kwenye sehemu iliyochorwa kwa ajili yake. Na mtoto nae ameshajifunza, nae anainua kimkono. Siku ile nilikua nyuma yao na mimi nikainua mkono, nikakimbia, mtu mzima na kitambi changu, na dereva wala hakuniona, alikua anaangalia simu.

Mji unaanza kuwa Houston hapo, hata kabla ya njia ya ishirini na sita, pale ambapo mtu wa miguu anaonekana ni mtu ambae bado hajanunua gari. Njia ya waenda kwa miguu tukiwa nayo, nusu kuna gari imepaki, nusu kuna meza ya chaja na kava za simu, na iliyobaki kuna mtaro usio na mfuniko. Machinga simlaumu, yeye kafuata watu walipo, na watu wako kwa miguu, angefuata magari angekula nini. Bahati yetu ndugu yangu ni kwamba Dar wengi bado tunatembea na kupanda daladala, kwa iyo bado hatujaharibu kabisa, bado duka liko mlangoni, na ukitembea kilomita moja na nusu hamna polisi atakaekuuliza una tatizo gani, labda akuulize kitambulisho.

Anko, hivi ni mimi tu au? Mume wangu anasikiliza voisi za WhatsApp kwa sauti kubwa. Kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, juzi msibani. Yuko kwenye makundi ya kamati za harusi saba, mengine harusi zilishapita na bibi harusi ana mtoto wa pili lakini kundi lipo. Nimfanyeje? (Mke wa mweka hazina)

*Dada yangu,* huyo wa msibani muombee. Mnunulie earphone za buku tano za pale Kariakoo, zikikatika nunua nyingine, ni rahisi kuliko ndoa nyingine. Kuhusu makundi, mweka hazina hatoki kwenye kundi mpaka ahadi zote zilipwe, na ahadi zote hazijawahi kulipwa tangu dunia iumbwe, kwa iyo hapo utakua umeolewa na kamati.

Ila nami nimkumbushe yeyote anaesoma hapa, zamani mtu alikua akija kukuomba mchango anavaa, anakaa, anakunywa maji, unamwangalia usoni unasema mwezi huu mbaya, na yeye anakuelewa. Saivi unawekwa kwenye kundi usiku umelala, asubuhi unakuta jina lako namba 84, mbele yake kumeandikwa laki moja na hukuulizwa.

Asalaam alaykum Bwana Anko. Mie nipo Unguja, Mji Mkongwe, Kiponda. Nyie wa bara kutwa mnalia na gari, mwaka mzima. Huku kwetu gari haiingii, vichochoro ndo vishajengwa hivyo tangu mababu, mtu na baskeli na vespa basi. Wageni wanakuja kutoka dunia nzima wanalipa hela kuja kutembea kwenye mtaa usiopita gari. Sasa mbona hamjengi hivi? (Bi Mkubwa wa Kiponda)

*Waalaykumu salaam Bi Mkubwa wangu,* umetupiga na ukuta. Kweli kabisa, Mji Mkongwe uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu 2001, na vyote viwili ni miji ya Waswahili wenyewe, kwa iyo asije mtu akatuambia mji wa kutembea ni mambo ya Wazungu wa Amsterdam na baiskeli zao. Nyumba zimekaribiana kivuli kinashuka mpaka chini, mchana saa saba unatembea hujachomwa, na ile baraza ya nje mtu anakaa, anaeona mtoto wa jirani kapotea ni yule yule wa barazani. Barabara ya mita thelathini nani ataweka baraza? Ataweka uzio.

Ila Bi Mkubwa nikuchokoze kidogo, mara ya mwisho nimekuja nimepita pale barazani kuna vijana wanne, bega kwa bega, hakuna anaeongea, wote kwenye simu. Nikawapa salamu wakajibu bila kuinua kichwa. Na hizo vespa zenu, nimebanwa kwenye kichochoro cha Mkunazini na moja nikajikunja kama mkeka. Pikipiki inahesabika kuwa gari ikiwa unabanwa nayo ukutani.

Mbona hatujengi hivyo? Tunajenga, ila hatujui kama tunajenga. Manzese na Tandale na Keko zimejengwa hivyo hivyo, karibu karibu, vichochoro, duka mlangoni, watu wanajuana. Shida yake ni maji taka na zimamoto kushindwa kuingia, hizo ndo za kurekebisha. Badala yake tukipata hela tunakimbia kabisa kwenda Kiluvya. (Binti wa Goba, umeona?)

Kwako mhariri wa ukurasa. Mimi ni mzee wa miaka 74, mkazi wa Temeke, nilikuwa kondakta wa UDA, shirika la mabasi la Dar, enzi za mabasi ya Ikarus, yale marefu mliyoyaita kumbakumba. Nasoma vijana wanavyosifia mabasi marefu ya sasa kana kwamba ni jambo jipya. Sisi tulikuwa nayo, tulikata tiketi, tulivaa sare, na hapakuwa na foleni. Tiketi moja ninayo mpaka leo, nimeihifadhi ndani ya Msahafu. Naomba haki itendeke. (Kondakta mstaafu)

*Shikamoo mzee wangu.* Haki yako naitenda hapa hapa. Wasomaji, mwendokasi sio basi refu la kwanza Dar. Yale ya Ikarus yalitoka Hungary, katikati yana lile kunjo kama kinanda, na sisi watoto tulikua tunagombania kusimama pale pale kwenye kunjo ili likikata kona tuzunguke nalo.

Ila mzee naomba ruhusa nikukumbushe na upande wa pili, kwa adabu. Foleni ya magari haikuwepo, foleni ya watu ilikuwepo. Mama yangu alikua anasubiri basi Ilala mpaka anaamua kutembea, maana mabasi yalikua yanakufa na spea hakuna. Ndo yakazaliwa yale magari ya wizi, yaani ya kubeba abiria bila kibali, chai maharage, watu wamekaa kwa kutazamana kama wako kwenye kikao, shangazi yangu alikua anapanda anaambiwa wakisimamishwa aseme wote ni ndugu wanaenda msibani. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, nauli shilingi tano, ile sarafu ya dala, konda anaita dala dala dala, jina likabaki mpaka leo ambapo dala yenyewe huioni hata ya dawa.

Na kuna kitu kimoja hujakitaja nashangaa. Jumapili saa nane mchana. Vijana hawa hawataamini. Baada ya vita vya Kagera na mafuta kupanda dunia nzima, nchi haina hela ya kigeni, ikapigwa marufuku gari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mtu ameenda kumsalimia mkwe Kinondoni anaangalia saa, chai haijaisha anasimama, jamani naondoka gari itakamatwa. Sisi watoto wa Ilala tulikua tunaisubiri hiyo saa nane kama futari. Mpira wa chandimu tumeshausuka asubuhi kwa soksi na nailoni, mawe ya magoli yamekaa pembeni, mzee mmoja mwenye redio ndo alikua refa wa saa. Akisema "nane" tu tunaingia barabarani, katikati kabisa, kwenye lami, peku, lami ina moto wa mchana unaruka ruka mpaka nyayo zizoee. Tulikua tunacheza mpaka adhana ya magharibi. Basi lenu la UDA likija tunaokota mawe, likipita tunarudisha, na konda anatupungia mlangoni.

Mzee sitaki kusema ulikua wewe. Ila hiyo tiketi iliyo ndani ya Msahafu mpe mjukuu aipige picha vizuri, mbele na nyuma, aniletee ofisini, nataka kuona nauli iliyoandikwa. Mimi na mhariri wangu tumebishana wiki nzima na kuna soda hapa imewekwa.